Mkono Upi Ukae Chini? Mzee wa Kanyenye Ajibu Maswali ya Gofu

Mechi zetu za mwisho wa mwezi zimekwisha, na barua za safari hii karibu zote zinalia na jambo moja: kupati, yaani kuubiringisha mpira taratibu uingie shimoni. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za draiva, fimbo ya kupigia mbali. Watu wa Tabora mpira mrefu wanaupiga bila taabu, tena hii hewa ya mita kama 1,200 juu ya bahari inawasaidia kidogo. Wakifika kwenye grini, kile kiwanja kidogo kinachozunguka shimo, ndipo mambo yanapoharibika.

Kwa msomaji mgeni: kiwanja tunachokizungumzia ni mashimo sita tuliyojichimbia wenyewe nje ya mji, njia ya Kipalapala. Grini zake ni mchanga uliochanganywa na oili chafu ya gereji. Anayejibu ni mzee aliyeanza na ukedi, kubebea wachezaji fimbo, Dar es Salaam utotoni, akafanya kazi reli mpaka akastaafu, na sasa hana kazi nyingine zaidi ya kuwaangalia mnavyokosa.

Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Isevya. Jumamosi nilizunguka kiwanja mara mbili, yaani mashimo 12, nikamaliza na mikwaju 67. Nilipopiga hesabu nikakuta 31 kati ya hiyo ni ya kupati. Rafiki yangu anasema tatizo ni mikono, nigeuze, wa kushoto ukae chini ya wa kulia kama anavyoshika yule bingwa wa Marekani, Jordan Spieth. Video nimeangalia nyingi na kila moja inasema lake. Nigeuze?

Marahaba, mwalimu. Umenirahisishia kazi kwa kuhesabu. Wengi wanaoniandikia husema tu "napati vibaya", kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu akanyamaza.

Paa ya kila shimo, yaani idadi ya mipigo inayotarajiwa kulimaliza, imekuwekea mipigo miwili ya kupati. Ndiyo maana kwenye kiwanja cha mashimo 18 chenye paa 72, mipigo 36, nusu nzima, ni ya grini. Kwa mashimo 12 ulitakiwa utumie 24, wewe umetumia 31. Hiyo saba ya ziada imetokea wapi?

Mmoja najua, kwa sababu Jumamosi nilikuwa nimekaa chini ya mwembe wa shimo la nne nikitafuna matobolwa. Mpira wako ulikuwa hatua tisa kutoka shimoni. Ulichuchumaa ukaangalia laini, yaani njia ya mpira mpaka shimoni, ukasimama, ukaipeleka fimbo mbele na nyuma kwa utaratibu mzuri kabisa. Ukaupiga. Mpira ukaenda katikati ya laini, wala haukuyumba, ukafia hatua mbili kabla ya shimo. Wa pili ukaupiga kwa hasira, ukapita hatua nzima ng'ambo. Wa tatu ukaingia. Sasa mwalimu, mkono wa kushoto ungekusaidia nini hapo? Laini ulikuwa nayo tangu mpigo wa kwanza. Ulichokosa ni mwendo.

Kuuweka mkono wa kushoto chini kuna faida yake, sikatai. Mabega yanakaa sawa, na kifundo cha mkono wa kushoto hakivunjiki pale fimbo inapogusa mpira. Lakini hiyo ni dawa ya mtu ambaye mipira yake inakwenda pembeni. Wako hauendi pembeni, kwa hiyo usigeuze.

Na huyo rafiki yako mwambie mtindo huo haukuanza na Spieth. Miaka mingi kabla Spieth hajazaliwa, Durban kulikuwa na kedi mmoja, Mwafrika Kusini wa asili ya Kihindi, Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana zaidi kwa jina la Papwa. Alijifunza mwenyewe, na fimbo zote alizishika hivyo, kushoto chini, si pata, ile fimbo ya kwenye grini, peke yake. Akaenda Ulaya akachukua ubingwa wa wazi wa Uholanzi mwaka 1959, akarudia 1960 na 1964. Mwaka 1963 akashinda mashindano ya wazi ya Natal kwao Durban, wakamkabidhi kombe nje huku mvua inanyesha, kwa sababu sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia kwenye jengo la klabu. Makedi wetu wengi wanaposhika fimbo kinyume, wenye viatu vya bei huwacheka. Mimi siwacheki.

Turudi kwenye mwendo. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, kipimo ambacho R&A, watunza kanuni za gofu wa Uskoti, walikifanya rasmi mwaka 1891, na mpira una karibu milimita 43. Yaani shimo ni kama mipira miwili na nusu. Mpira unaofika taratibu unaweza kudondokea ukingo wowote. Unaofika kwa kasi umebakiwa na sehemu nyembamba ya katikati, ukigusa pembeni unazungushwa na kutupwa nje. Dave Pelz, Mmarekani aliyekuwa mtafiti NASA kabla ya kuhamia gofu, alisema mpira wenye nafasi nzuri zaidi ni ule ambao, kama shimo lingezibwa, ungelipita kwa sentimita 43 hivi. Hizo ni shibiri mbili. Yeye alikuwa anazungumzia nyasi. Kwenye mchanga wetu mzito, mpira wa kupita shibiri mbili unakuwa umefika shimoni na kasi kubwa mno, kwa hiyo mimi nawaambia vijana shibiri moja.

Fanya hivi jioni ukitoka shule. Tandaza kamba ya manila shibiri moja nyuma ya shimo. Piga kutoka hatua tatu, kisha sita, kisha tisa. Mpira ukiingia, vizuri. Usipoingia, sharti uwe umelala kati ya shimo na kamba. Uliofia kabla ya shimo hata kama laini yake ni ya kupendeza, hesabu umekosa. Ukimaliza wiki mbili na mipira yako bado inafia njiani, niandikie tena, na hapo bado hatutazungumzia mikono.

Mzee, habari za leo. Sisi ni wafanyakazi wa ofisi moja hapa mjini. Mwenzetu ameletewa kutoka Dar pata ndefu inayomfika kifuani. Mkono wa juu anaubana kifuani, wa chini anausukuma, na soda zetu zote anakunywa yeye. Mwingine wetu anasimama ametanua miguu, laini inapita katikati, anapiga mpira akiwa ameelekea shimo. Tuwaache?

Fimbo yenyewe haina kosa, hata ingekuwa na urefu wa mlingoti. Kosa ni kuibana mwilini. Tangu tarehe 1 Januari 2016 kanuni inakataza kuegemeza fimbo, au mkono ulioishika, kwenye kifua, tumbo au kidevu wakati wa kupiga. Kabla ya hapo ilikuwa ruhusa. Keegan Bradley alishinda PGA Championship, mojawapo ya mashindano manne makubwa ya gofu, mwaka 2011 pata ikiwa tumboni, na Adam Scott akachukua Masters, jingine katika manne hayo, mwaka 2013 na ile ndefu ya kifuani. Wakubwa wa kanuni walikuwa wameanza kukuna vichwa hata kabla ya kikombe cha Scott.

Kwa hiyo mwambieni autoe mkono kifuani, ionekane nafasi wazi kati ya ngumi na shati. Akiendelea, adhabu ni mikwaju miwili, na kama mnacheza shimo kwa shimo anapoteza shimo. Akitaka, anaweza kulaza mpini kwenye kigasha chake mwenyewe kama Matt Kuchar. Hiyo inaruhusiwa.

Huyo wa kutanua miguu alichelewa kuzaliwa. Sam Snead alipati hivyo uzeeni alipokwisha kuharibikiwa na mtindo wa kawaida, wakaupiga marufuku mwaka 1968. Snead hakubishana. Akaweka miguu yote upande mmoja wa laini, akaendelea kupiga akiwa ameelekea shimo. Mwenzenu afanye hivyo hivyo na hakuna atakayemgusa.

Soda zilizokwisha kunywewa msizidai.

Nina miezi minane nacheza kiwanja chetu. Handikapu yangu nitaipataje?

Handikapu, namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji (ikiwa kubwa, bado ni dhaifu), rasmi huwezi kuipatia hapa. Mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020 unataka kadi za matokeo za mashimo 54 kwa jumla, nazo zitoke kwenye viwanja vilivyopimwa ugumu wake. Chetu hakijapimwa. Jiunge na klabu yenye kiwanja kilichopimwa, ukienda huko kwa safari zako uwasilishe kadi. Usiogope kuanzia juu, ukomo wa handikapu ni 54. Hapa kwetu endelea na madaraja yetu ya A, B na C, ambayo anayepanga ni mimi na malalamiko hayapokelewi.

Mwangaluka, Mzee. Mimi ni mfanyabiashara wa asali, Sikonge. Nilipopeleka mzigo Dar es Salaam, mteja wangu alinikaribisha tucheze kwenye kiwanja cha nyasi. Grini ya kwanza nilipiga kama ninavyopiga huku. Mpira ulipita shimo, ukashika mteremko, ukatoka nje kabisa ya grini. Nilipati mara tano. Mwezi ujao narudi. Nifanye nini nisiaibike?

Mwangaluka, ndugu yangu. Barua yako nimeifurahia, maana shida yako watu wa mijini hawaijui kabisa.

Fikiria kwanza huku tunavyofanya. Mpira ukifika kwenye mchanga, unapima umbali, kedi anachukua bomba la chuma lenye mpini analiburuta kutoka shimoni kuja kwako, nyayo zote zinafutika, unapata njia iliyonyooka, mbichi, imelala. Miinuko hakuna. Mchanga hauwezi kukaa kwenye mteremko hata ukiuwekea oili pipa zima, mvua ya kwanza tu umeshuka. Kwa hiyo mchezaji wa mchanga anajua kitu kimoja, kupiga mbele kwa nguvu ya kutosha. Akipelekwa kwenye nyasi nguvu ile ile ndiyo inayomponza.

Wenzetu kasi ya grini wanaipima. Mmarekani mmoja, Edward Stimpson, alitengeneza kipimo chake mwaka 1935: ufito wenye mfereji, siku hizi una urefu wa sentimita 91. Unaweka mpira kwenye kishimo chake, unainua ncha taratibu mpaka mpira uteleze wenyewe, kisha unapima ulipofika. Klabu za kawaida mpira unakwenda mita mbili na nusu hivi. Kwenye mashindano makubwa unavuka mita tatu na nusu. Mchanga wetu sijauwekea kifaa hicho, lakini jaribu tu kuuachia mpira kwenye ubao ulioinama, utaona unavyokwama kabla hujasogea.

Ukifika Dar, wahi nusu saa. Nenda kwenye grini ya mazoezi na mipira mitatu, na shimo usiliangalie kabisa. Piga kutoka ukingo huu kwenda ukingo ule, lengo likiwa mpira ufie kwenye ukingo wa mbele. Rudi nao. Mara nyingine. Mikono yako ina miaka ya mchanga, lazima uiondoe ile nguvu kabla hujaanza kuhesabiwa.

Mteremko usiutafute kwa macho peke yake. Ukiwa bado unaikaribia grini, jiulize: ndoo ya maji ikimwagwa hapa, yatakimbilia wapi? Huko ndiko mpira utakakoelekea, hasa mwishoni unapoishiwa mwendo. Adam Scott niliyemtaja hapo juu siku hizi husimama amepanua miguu katikati ya safari ya mpira, mguu mmoja huku mwingine huku, apate kuhisi upande upi umebeba uzito zaidi, kisha hunyoosha vidole kupimia mahali pa kulenga. Wengine wanamwona anapoteza muda. Mimi hizo za vidole sizitaki, lakini za miguu nazikubali, na kwa mtu aliyezoea kubeba ndoo za asali kwenye njia za porini nadhani miguu yako inajua zaidi ya macho.

Ukiwa na shaka, kosea kwa upande wa juu. Mpira uliopigwa juu ya laini unaendelea kushuka kuja shimoni mpaka mwisho, na huenda shimo likaumeza. Ulioanza chini unazidi kulikimbia kila unavyosogea.

Kuna na nyasi zenyewe. Sehemu za joto hupandwa sana bermuda, na majani yake hulala upande mmoja. Ukitazama toka ulipo ukaona zinang'aa, zimelala kuelekea unakopiga, mpira utakimbia. Ukiona kijani kimekolea, zinakutazama wewe, ongeza nguvu kidogo.

Halafu usije ukaita kedi akulainishie njia! Kwenye nyasi unachoruhusiwa, tangu kanuni za 2019, ni kurekebisha alama za viatu na mashimo yaliyoachwa na mipira. Mteja wako atakuvumilia, lakini watakaosikia watalisimulia mpaka Nzega.

Shikamoo Mzee. Mimi ni muuguzi, nakaa Cheyo. Mpira wa mbali naupati vizuri tu. Ukibaki hatua moja, mkono wa kulia unashtuka wenyewe, mpira unakwenda kushoto. Juzi nilikosa hivyo mara nne, tukapoteza kuku. Mume wangu anataka kuninunulia pata mpya. Itanisaidia?

Marahaba, mama. Pesa ya pata ibaki nyumbani. Bobby Locke wa Afrika Kusini, aliyeshinda The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, mara nne kati ya 1949 na 1957, alitumia pata ya mpini wa mti iliyochakaa karibu maisha yake yote ya mchezo, na wengi wanamhesabu kati ya wapati bora waliowahi kutokea.

Mshtuko wako unajulikana, na umewapata wakubwa. Bernhard Langer wa Ujerumani umemrudia zaidi ya mara moja. Kuna wakati aliushika mpini pamoja na kigasha chake cha kushoto, mkono wa kulia ukavibana vyote viwili, kifundo kisipate pa kuchezea. Watu walimcheka. Ana Masters mbili, ya 1985 na ya 1993.

Mkono unaochoma watoto sindano kutwa nzima bila kutikisika hauna ugonjwa wowote, mama. Unashtuka kwa sababu unausubiri mpira. Kwa hiyo ondoa macho kwenye mpira. Jipange kama kawaida, weka uso wa fimbo sawa, kisha tazama ukingo wa nyuma wa shimo na upige ukiwa unautazama huo huo. Spieth alikuwa akipati hivyo kwa umbali mfupi mwaka 2015 aliochukua Masters na US Open. Siku ya kwanza utahisi umefungwa kitambaa. Siku ya tatu mkono utakuwa umesahau kushtuka.

Ukiendelea kushtuka, ugeuze huo wa kulia: usiushike mpini kwa kiganja, ubane katikati ya kidole gumba na vidole viwili, kiganja kikielekea tumboni, kama Chris DiMarco alivyofanya. Mkono ukikaa hivyo hauna nguvu ya kurusha kitu. Ni hapa sasa ndipo nakubali kubadili mikono, mwalimu wa Isevya asome na hii.

Mpira wa mita mbili na nusu usikunyime usingizi. Wachezaji wa kulipwa wa Marekani, wanaokula na kuvaa kwa gofu, kwa umbali huo huingiza karibu nusu tu. Na hizo mechi za kuku ziacheni kwanza mpaka mkono utulie, chezeeni hata michembe.

Babu, mimi kedi wako. Watu wanabishana kama bendera itolewe au iachwe mtu akipati. Halafu shimo la pili mpira wa mteja wangu ulikwama kati ya mlingoti wa bendera na ukingo, haukushuka. Wakasema haujaingia.

Tangu 2019 mchezaji anachagua mwenyewe, aiache au aitoe, hakuna adhabu. Na mpira ulioegemea mlingoti, kama sehemu yake yoyote iko chini ya usawa wa ardhi ndani ya shimo, umeingia. Mteja wako ana haki, mwambie adai mkwaju wake.

Lakini kosa la shimo la pili ni letu sisi tunaotunza kiwanja. Kule tumechomeka kipande cha bomba la maji. Shimo ni milimita 108. Ili mpira upite pembeni ya mlingoti uliosimama katikati, mlingoti usizidi milimita 22. Bomba lile ni nene kuliko hapo, mpira hauna pa kupita. Chukua nondo ya milimita 12, ile ya kujengea, kata mita mbili, piga rangi nyeupe ili wanaotoka mbali waione. Pale chini mwa kopo weka kipande cha mbao chenye tundu la kuichomeka isiyumbe na upepo. Nondo ipo nyuma ya banda la vifaa, ile iliyobaki tulipojenga choo. Bomba ukiling'oa usilitupe, tulichomelee mpini liwe la kuburutia mchanga, maana lililopo limepinda na ndilo linaloacha mfereji katikati ya grini ya tano.